Dereva wa basi la shule Moshi: nataka kuanza kuosha pevingi kwa mashine ya presha wikendi na likizo, nianzie wapi?

Dereva_Pasua

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dereva wa basi la shule hapa Moshi, naishi Pasua. Alfajiri niko barabarani, saa mbili asubuhi nimeshashusha watoto, halafu sina kazi mpaka saa tisa alasiri. Jumamosi mchana na Jumapili ni zangu. Shule zikifunga Juni na Desemba nakuwa nyumbani moja kwa moja, na kipindi hicho mshahara unapungua. Mke wangu ana genge dogo, watoto wawili wanasoma. Nahitaji kitu cha pembeni ambacho hakitaniondoa kwenye usukani.

Nimekuwa nikipita Shanty Town, Soweto na Rau naona nyumba nyingi zina pevingi uani, zile tofali za saruji zinazotandikwa chini, na baada ya masika zote zimekuwa na ukijani unaoteleza. Kuta za fensi zina weusi, ngazi zina kuvu. Watu wanasugua kwa fagio la chelewa na sabuni, siku nzima, na bado haitoki. Nikasema hapa pana kazi.

Nina laki tisa mkononi. Sitaki kukopa. Dukani nimeonyeshwa mashine mbili. Moja ya umeme, wati 1,800, imeandikwa bar 150 (kipimo cha presha) na lita 6.5 kwa dakika. Nyingine ya petroli, injini ya hp 7, bar 170 na lita 9 kwa dakika, lakini hiyo inakula karibu pesa yote. Muuzaji ananiambia niangalie bar tu, bar ikiwa kubwa nimemaliza.

Naomba mnisaidie. Nichukue ipi? Nianze na kazi gani? Kuna hatari gani ambazo mtu mgeni hazijui? Mashine hii nimewahi kuishika mara moja tu, kwa jirani aliyekuwa anaosha gari. Natanguliza shukrani.

---

Fundi_Unga_Ltd

Mkuu karibu. Mimi ni fundi wa pampu na mota hapa Arusha, mashine za presha zinapita mikononi mwangu kila wiki, kwa hiyo nitakujibu upande wa chuma tu, biashara wataijibu wengine.

Muuzaji amekudanganya kidogo, au hajui. Bar ndiyo inayobandua uchafu, lakini lita kwa dakika ndizo zinazouondoa pale ulipo na kukufanya umalize kazi mapema. Mashine ya bar 150 yenye lita 6.5 na nyingine ya bar 150 yenye lita 11 hazifanani kabisa zikiwa kazini. Kwenye pevingi, kati ya bar 20 za ziada na lita 3 za ziada, chukua lita. Tena zile bar zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni kiwango cha juu kabisa, si kile inachofanyia kazi, kwa hiyo geuza mashine usome kibati chake, usisome boksi.

Ya umeme ya wati 1,800 ni nzuri kwa gari, ngazi, varanda. Ukiipa uwanja wa mita za mraba 150 juani mota itachemka, itajizima, utakaa chini unaisubiri ipoe. Na umeme wenyewe: soketi yetu ya ukutani ni ya ampia 13, kwa volti 230 ni kama wati 3,000 hivi, kwa hiyo 1,800 inabeba bila shida. Shida ni waya wa kuongezea. Watu wananunua ile ekstensheni nyembamba ya televisheni, wanaivuta mita 30, mwisho wa waya umeme umeshapungua na mota inaungua. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, na uufungue wote kwenye gurudumu lake, maana ukiachwa umezungushwa unapata joto. Hakikisha nyumba ina waya wa ethi unaofanya kazi na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Wewe utakuwa umesimama kwenye maji. Kama nyumba haina swichi hiyo, usichomeke.

Ya petroli haina habari ya umeme, ila ina oili ya injini na nyingi zina oili ya pampu pia. Ni oili mbili tofauti, mahali tofauti. Mashine mpya nyingi zinasafirishwa bila oili ndani. Angalia kabla ya kuvuta kamba hata mara moja. Na usiiwashe ndani ya gereji au stoo iliyofungwa, moshi wake una gesi inayoua isiyo na harufu ya kukushtua.

Kwa mpango wako wa pevingi, mimi nasema petroli.

---

Kijana_wa_Kwa_Mrombo

Kwa nini usifungue sehemu ya kuosha magari tu kaka? Huku Arusha msimu wa watalii magari yanarudi kutoka Serengeti na Ngorongoro yamejaa vumbi mpaka kwenye injini, vijana hawalali. Pata eneo, weka simtank, mteja anakufuata mwenyewe.

---

Mama_wa_Presha_Moshi

Mdogo wangu wa Pasua, nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu hii ndiyo kazi yangu ya pili. Siku za wiki nashona, nina vyerehani viwili karibu na soko la Mbuyuni, na Jumamosi na msimu wa Desemba naosha pevingi, kuta na ngazi, hapa mjini na kule juu Kibosho, Uru na Old Moshi. Kaka wa Kwa Mrombo ametoa wazo zuri kwa mtu mwenye siku nzima. Sehemu ya kuosha magari inataka eneo, kodi ya pango, na mtu wa kukaa pale kuanzia asubuhi hadi jioni. Wewe saa tisa unaondoka na ufunguo wa basi. Hiyo si yako kwa sasa. Wazo lako la pevingi ndilo linaloendana na ratiba yako, tena kuliko unavyodhani, na nitakueleza sababu.

Lakini kwanza nikuambie jambo ambalo ningependa kila anayeanza aambiwe kabla hajaingia dukani. Usianze na mashine. Anza na maji. Biashara hii ni ya maji, mashine ni ya kuyasukuma tu.

Chukua hesabu ya hiyo mashine ya lita 9 kwa dakika. Ukiishika kwa saa nzima ni lita 540. Hayo ni madumu 27 ya lita 20. Kwa saa moja. Uwanja wa kawaida wa nyumba utakushika saa tatu hadi nne. Sasa jiulize nyumba unayokwenda ina nini. Kuna nyumba ina bomba zuri la MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, na tanki la lita 5,000 juu ya mnara, hapo utafanya kazi kwa raha. Kuna nyumba bomba linatoa maji membamba yasiyojaza hata ndoo. Pampu ikikosa maji inavuta hewa, inaanza kugonga na kutetemeka, na sili zake, zile mpira za kuzuia maji yasivuje, zinakufa. Mashine mpya inaweza kuharibika hivyo ikiwa na wiki moja, na dukani hawatakusikiliza.

Kwa hiyo kipimo changu ni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Nikienda kuangalia kazi, nafungua bomba la uani hadi mwisho, naweka ndoo. Kwa mashine ya lita 9, ndoo ikijaa chini ya dakika 2, bomba linatosha, unaunganisha moja kwa moja. Ikizidi dakika 2, unahitaji tanki la katikati: bomba linajaza tanki taratibu, mashine inanyonya kwenye tanki. Pipa la lita 200 linasaidia, la lita 500 ni bora. Mwambie mteja afungue maji usiku wa kuamkia siku ya kazi ili ukute limejaa. Na kila ukinyonya kwenye tanki weka chujio kwenye mpira wa kunyonyea, maana chini ya matanki yetu kuna tope, na punje moja ya mchanga inaziba nozeli, kile kichwa cha kutolea maji.

Mpira huo uwe mgumu, usiokunjamana, na tanki likiwa juu kuliko mashine ndiyo vizuri zaidi, maji yateremke yenyewe.

Sasa ile sababu niliyokuahidi. Wewe ni mtu wa Moshi, unajua Desemba ilivyo. Watu wetu wanapanda kutoka Dar, Mwanza, Dodoma, kila mtu anakwenda kwao. Zile nyumba kubwa za kule juu zimefungwa mwaka mzima, ziko chini ya miti, ukungu wa mlima unazilalia, mvua za masika na vuli zinapita juu yake. Pevingi zinakuwa kijani kabisa, ngazi zinateleza, na wenye nyumba wana wazazi wazee. Bibi akiteleza kwenye ngazi ile akavunja nyonga, sikukuu imeisha, na pengine hatatembea tena. Mimi kazi hii naipenda hasa kwa hilo. Nikimaliza ngazi za nyumba yenye mzee, nazijaribu mwenyewe kwa viatu vya kawaida kabla sijafunga mpira.

Na shule zinafunga lini? Desemba mwanzoni. Umeona? Kazi inaanza kujaa siku zilezile unapokabidhi basi. Msimu wa pili ni Juni baada ya masika, na Juni nako una likizo. Miezi mingine utapata kazi za mjini za Jumamosi. Usitegemee kazi kila wikendi mwaka mzima. Panga akili yako kwenye misimu hiyo miwili.

Namna ya kufanya. Watu wanafikiri presha ndiyo inayoua ule ukijani. Presha inakata kichwa tu, mizizi inabaki kwenye vitundu vya saruji na baada ya wiki chache umerudi. Dawa ndiyo inayoua. Mimi natumia jiki ya kawaida, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, kipimo kimoja cha jiki kwa viwili vya maji, naipuliza kwa bomba la kupulizia dawa la mgongoni ambalo halijawahi kuwekwa kiuatilifu, naiacha dakika 10 hivi bila kukauka, halafu ndipo naosha. Ukifanya hivyo huhitaji kukandamiza nozeli kwenye tofali. Fanya asubuhi au jioni, si saa saba mchana, kwa sababu ikikauka haina kazi.

Jiki usiichanganye na kitu kingine chochote. Si sabuni ya choo yenye asidi, si amonia. Inatoa gesi inayochoma mapafu. Ndoo yake iwe yake peke yake.

Halafu mimea. Kule juu uwanja umezungukwa na kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Kabla ya kupuliza jiki, mwagilia mimea ya pembeni maji safi mpaka iloe, na ukimaliza mwagilia tena. Na tafadhali, angalia maji yanakwenda wapi. Nyumba nyingi zina mfongo, yaani mfereji wa maji wa kijiji, unaopita chini yake, na mfongo huo una watu mbele: mmoja anamwagilia mboga, mwingine ng'ombe wake anakunywa. Zuia maji ya jiki kwa mchanga au magunia, yaelekeze kwenye shimo au mahali pasipo na kitu. Wala usinyonye maji ya mfongo kwa ajili ya mashine kwa sababu tu yanapita pale. Mfongo una zamu na wenyewe. Mimi kazi ambayo maji yake hayana pa kwenda isipokuwa kwenye mfongo, nafanya kwa maji matupu na brashi, nachukua muda mrefu zaidi, na ninamwambia mwenye nyumba sababu. Hakuna aliyewahi kukataa.

Nozeli zina rangi zinazoonyesha maji yanatanuka kiasi gani. Nyekundu ni nyuzi 0, mstari mmoja mwembamba, hiyo iache nyumbani, inachimba tofali na kukata mguu. Njano ni nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40, nyeusi ni ya sabuni kwa presha ndogo. Mimi pevingi natumia kijani, ukuta uliopakwa rangi natumia nyeupe na nasimama mbali, kwanza naijaribu pembeni pasipoonekana. Rangi ya chokaa au rangi iliyoanza kupauka itabanduka yote, mwambie mteja kabla.

Ukiosha pevingi, mchanga wa kwenye maungio utatoka. Lazima urudishe. Subiri pakauke, mwaga mchanga laini uliochekechwa, ufagie uingie kwenye nafasi. Usiporudisha, tofali zinaanza kucheza na gari likipita zinazama. Wengi wanaondoka bila kufanya hili, na ndiyo maana kuna wenye nyumba hawataki hata kusikia neno presha. Weka mchanga kwenye bei yako tangu mwanzo.

Paa usipande. Utaombwa, na utaona pesa nzuri. Bati za vigae zile zenye punje za mawe zinapukutika kwa presha, bati la msauzi likilowa halishikiki, na maji yanapenya chini ya bati yanaingia kwenye dari. Nyumba za zamani, hasa zile za taasisi, nyingine zina paa la asbesto. Hilo usiliguse kwa presha kabisa, vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, wewe na majirani.

Kwenye ukuta funika soketi za nje, taa na mita ya LUKU kwa nailoni na gundi ya karatasi, na hata ukifunika usielekeze maji pale.

Mwisho ni mwili wako. Gambuti, miwani ya kinga, suruali nene. Kandambili hapana. Maji ya presha yakitoboa ngozi, kidonda kinaonekana kidogo, hata damu haitoki sana, mtu anafunga kitambaa anaendelea. Ndani maji na uchafu vimeshasambaa kwenye nyama, na mkono au mguu unaweza kukatwa. Ikitokea nenda hospitali, KCMC au Mawenzi, saa hiyohiyo, usisubiri uvimbe, na umwambie daktari wazi kwamba ni maji ya presha, asije akadhani ni mkwaruzo. Watoto wa nyumba waingie ndani kabla hujawasha. Usimwachie mtu mwingine ajaribu, hata akikuomba kwa kucheka.

---

Mwenye_Nyumba_Kibosho

Nimesoma jibu la mama hapo juu nikasema niseme na mimi kama mteja. Naishi Dar, nyumba iko Kibosho, nakwenda Desemba na Pasaka. Kinachotusumbua sisi tulio mbali si bei. Ni kwamba mtu anapewa hela, kazi inafanyika nusu, na anayetuhakikishia ni mtunza nyumba ambaye labda hakuwepo. Nataka picha kabla na picha baada, zipigwe mahali palepale. Nataka niambiwe mapema utatumia maji kiasi gani, kwa sababu kuna mwaka nilifika tarehe 23 usiku na familia, tanki tupu, bomba la kijiji lilikuwa kwenye mgao. Fundi alitumia yote akaondoka. Watu kumi na nne ndani ya nyumba bila maji ya choo siku ya kwanza ya sikukuu.

Kwa hiyo ratiba yenu iwe mwanzoni mwa Desemba, tanki lipate muda wa kujaa. Ukiniambia hivyo mwenyewe kabla sijauliza, nakupa kazi.

---

Dereva_Pasua

Asanteni sana wote, na mama hasa, Mungu akubariki. Nimelichukua lile la ndoo, na jana baada ya kushusha watoto nilikwenda kuomba kupima kwenye nyumba tatu ninazozifahamu. Soweto ndoo ilijaa kwa dakika moja na nusu. Rau dakika mbili kamili na kidogo. Kwa shangazi yangu Uru ilichukua karibu dakika tano. Nisingepima ningenunua mashine na kwenda kwa shangazi kwanza, kwa sababu yeye ndiye angenipa kazi ya kwanza.

Nimeamua petroli ya lita 9, na pesa inayobaki ninunue pipa la lita 200 la mitumba, chujio na gambuti. Mdogo wangu atanisaidia.

Mama, bei nipangeje? Jirani ananiambia niseme elfu hamsini kwa uwanja wowote nipate wateja. Na je, TRA watanisumbua?

---

Mama_wa_Presha_Moshi

Elfu hamsini kwa uwanja wowote usiseme. Viwanja havilingani. Nunua futi kamba ya mita 30, pima urefu na upana mbele ya mteja, zidisha, mwambie bei ya mita moja ya mraba. Mteja akiona unapima anaacha kubishana.

Twende na mfano. Uwanja wa mita za mraba 120 kule juu, kwa shilingi 800 kwa mita, ni 96,000. Inapendeza kusikia. Sasa toa. Kirikuu (pikapu ndogo) kupanda na kushuka na mashine na pipa, 30,000. Mdogo wako, 15,000, na umlipe kweli, usimwambie mtaelewana. Kwa fimbo ya kawaida ya mashine utaosha mita 30 hivi kwa saa, kwa hiyo ni saa nne, petroli lita 6, weka 18,000. Jiki na mchanga, 8,000. Umetumia 71,000. Umebaki na 25,000 kwa siku nzima, na bado hujaweka akiba ya mashine kuchakaa.

Sasa chukua nyumba mbili za jirani siku moja. Mapato 192,000. Kirikuu ni ileile 30,000. Mdogo wako mpe 25,000 kwa siku ndefu. Petroli 36,000, jiki na mchanga 16,000. Jumla 107,000. Unabaki na 85,000. Nyumba zimeongezeka mara mbili, lakini kilichobaki mfukoni kimezidi mara tatu. Kwa hiyo ukipata mteja Uru au Kibosho, kabla hujakubali tarehe mwombe akuunganishe na jirani yake, hata kama itabidi umpunguzie kidogo. Mimi huwa natangaza kwa vijiji: Jumamosi hii niko Uru, Jumamosi ijayo Old Moshi. Wakinamama wa jumuiya ndio wanaonipangia nyumba, kuliko tangazo lolote la simu.

Mjini ni nafuu, mashine inakwenda kwa guta la magurudumu matatu. Anza Soweto hukohuko ulikopima, miezi hii kabla ya Desemba, mkono uzoee. Kwa shangazi nenda ukishakuwa na pipa, na usimfanyie bure. Mpunguzie, lakini akulipe, maana ukoo mzima utauliza alilipa ngapi.

Na nusu ya malipo ichukue kabla, kwa simu, hasa kwa wenye nyumba walio mbali. Andika ujumbe mmoja: mita ngapi, bei gani, maji lita ngapi ya nani, mchanga umo au haumo, rangi ya ukuta ikibanduka ni ya nani. Ujumbe huo ukae kwenye simu zenu wote wawili. Yule ndugu wa Kibosho hapo juu amekwambia anachotaka, kwa hiyo mwandikie hivyo: uwanja wa mita 120 unakula lita 2,000 hivi za maji, yaani uniti 2 za mita, na tarehe ya kumaliza ni kabla ya tarehe 12.

Ukija kupata faida, kitu cha kwanza kununua si mashine kubwa zaidi. Nunua ile sahani ya duara inayotembea chini, yenye nozeli mbili zinazozunguka ndani. Inaosha kwa usawa bila michirizi na inakata muda nusu au zaidi, na muda ukikatika, maji yamekatika.

---

Mhasibu_Kijenge

Kuhusu kodi, kwa ufupi. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure, unahitaji namba ya NIDA. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hadaiwi kodi ya mapato ya makadirio. Ukizidi hapo unaanza kulipa, na aliyetunza kumbukumbu anakadiriwa kwa mauzo yake halisi. Kwa hiyo daftari liwepo tangu kazi ya kwanza: tarehe, mteja, kilichoingia, kilichotoka. Kodi inayokatwa kwenye mshahara wako wa udereva ni habari nyingine, haifuti hii. Leseni ya biashara kaulize halmashauri, na kumbuka mjini ni Manispaa ya Moshi, kule juu Kibosho na Uru ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Nenda mwenyewe, usitume mtu.

---

Fundi_Unga_Ltd

Umechagua vizuri mkuu. Nikuongezee mambo machache ya kuitunza, maana kazi yako ni ya misimu na mashine nyingi zinakufa zikiwa zimelala stoo, si kazini.

Ukiachia kifyatulio mashine ikiwa inawaka, maji yanazunguka ndani ya pampu na kupata joto. Dakika mbili zisipite hivyo. Ukitaka kuongea na mteja au kupokea simu, zima injini. Kuwasha: fungua maji kwanza, bonyeza kifyatulio mpaka hewa yote itoke na maji yatoke bila kukatika, ndipo uvute kamba. Kuzima: zima injini, funga maji, bonyeza tena kifyatulio kutoa presha iliyobaki, ndipo ufungue mpira. Mtu anayefungua mpira wenye presha anapigwa usoni.

Oili ya injini mpya ibadilishe mapema baada ya saa chache za mwanzo kama kitabu chake kinavyosema, itatoka na chenga za chuma. Baada ya hapo fuata kitabu.

Na Januari ukimaliza msimu, usiiweke na petroli ndani ya kabureta mpaka Juni. Petroli iliyolala inaacha gundi kwenye kabureta na haitawaka. Funga koki ya mafuta, iache injini iungurume mpaka izime yenyewe, toa maji yote kwenye pampu, iweke mahali pakavu. Chujio lioshe, nozeli zizibue kwa waya mwembamba. Ukipata shida ya sili usiifungue kwa bisibisi ya nyumbani, niandikie hapa nikuelekeze kwanza tuone kama ni sili au ni vali, kwa sababu dalili zinafanana na bei hazifanani.